Bima ya safari ya ndani: ukikwama njia ya Pweto, nani anakuja?

Ingia ofisi yoyote ya bima hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Congo, sema unataka bima ya safari, na swali la kwanza litakuwa tarehe ya viza. Kwetu bima ya safari ni karatasi ya ubalozi. Kanuni za viza ya Schengen, za mwaka 2009, zinamtaka msafiri awe na bima ya angalau euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, na wauzaji wamezoea kuichapisha karatasi hiyo wakati mteja amesimama pale dirishani. Sasa mwambie yule mama wa dirishani kwamba huendi Brussels. Unaenda Pweto, halafu Moba, halafu Kalemie, humu humu nchini, na utalala ndani ya gari lako mwenyewe kwa majuma matatu. Atacheka kidogo, kwa adabu, kisha atakuuliza: "Papa, asiransi ya motokari si uko nayo?"

Swali lake si la kijinga. Linatokana na wazo ambalo sote tumelimeza: hatari iko ng'ambo ya mpaka, na mtu aliye nchini mwake yuko nyumbani. Lakini Ndola ya Zambia iko jirani kuliko Pweto. Lusaka iko karibu nasi kuliko Kalemie. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 hata ukipima kwa njia ya ndege. Katika nchi yenye kilomita za mraba milioni 2.3, neno "ndani" halimwambii bimaji, yaani mtoa bima, chochote kuhusu umbali uliopo kati yako na fundi, daktari au kitanda.

Magari ya kulala si mengi mjini, nisije nikaonekana nimebuni msafara. Lakini yanaongezeka. Kwa muda mrefu tumewaona Waafrika Kusini na wazungu wengine wakiingia kwa mpaka wa Kasumbalesa na Land Cruiser zenye hema juu ya paa. Sasa wachomeleaji wetu wa tarafa za Kenya na Kampemba, hapa mjini, wanapokea Hiace kuukuu, wanang'oa viti vya nyuma, wanaweka ubao na godoro, chupa ya gesi pembeni, pipa la maji, na sahani ya sola juu. Sababu ni rahisi kuelewa. Ukitaka kuipeleka familia mbuga ya Kundelungu ikaone maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300, usitegemee hoteli kukungoja chini ya jabali. Ukifika na kitanda chako, umefika.

Basi ni bima gani inayomfuata mtu huyo?

Tuanze na ile iliyo lazima. Tangu sheria ya 1973, kila gari linalotembea barabarani linapaswa kuwa na bima ya dhima, ile inayolipa madhara unayowafanyia wengine. Kwa miongo mingi muuzaji alikuwa mmoja tu, SONAS, iliyoundwa 1966. Sheria mpya ya bima ya Machi 2015 ilifungua soko na kuleta msimamizi, ARCA, na mwaka 2019 kampuni binafsi za kwanza zikapata vibali. Miaka yote ile ya duka moja ilitufundisha kuitazama bima kama kodi: unalipa, unabandika kibandiko kwenye kioo, polisi wa barabarani anakitazama, unapita. Ni wachache waliowahi kukisoma cheti upande wa nyuma. Na kila dereva wa mji huu anajua kwamba vyeti vya bandia vipo, na anajua pia kuwa cheti cha bandia hupita vizuri kabisa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani. Kinakwama siku ya ajali peke yake.

Bima hiyo ya dhima ni ya maana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu barabara ya Likasi na Kolwezi haisamehi. Tunaigawana na malori ya shaba, ya chokaa, ya asidi ya migodi. Februari 2019, katika Lualaba, lori lililobeba asidi liligongana na magari mengine na watu wasiopungua 18 wakafa. Ajali ya namna hiyo haimalizwi na mchango wa ukoo. Anayesafiri na watoto nyuma ya Hiace anahitaji kuwa na karatasi halali yeye mwenyewe, na anahitaji mwenye lori naye awe nayo. La pili hilo haliwezi kununuliwa dirishani. Ni kazi ya serikali, na serikali ingefanya vizuri kuhakiki cheti cha lori la tani 30 kwa bidii ile ile inayotumika kuhakiki cha Noah ya mama wa soko.

Lakini bima ya dhima haikutazami wewe. Gari lako likipinduka lenyewe kwenye mchanga baada ya Kasomeno, njia ya Pweto, bila kumgusa mtu, kwa bima hiyo hakuna kilichotokea.

Ndipo watu wanaanza kutafuta kwenye intaneti, na wanakutana na mikataba ya Uingereza au Australia, nchi ambazo safari ndefu za ndani kwa gari la kulala ni desturi ya wastaafu na ya vijana. Nimeisoma kadhaa kwa udadisi, na jambo moja linajirudia. Mkataba wa bima ya safari unazijua sehemu tatu: nyumba, gari, hoteli. Kila sehemu ina kanuni zake. Gari la kulala ni vyote vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kifungu kinakusukuma kwa jirani yake.

Chukua wizi. Kifungu cha kawaida kabisa katika mikataba hiyo kinasema vitu vilivyoachwa ndani ya gari usiku, bila mtu, havilipiwi. Kwa mtu wa hoteli hilo ni jambo la busara. Anashusha mizigo yake, anapanda nayo chumbani. Mtu wa gari la kulala akienda kula samaki kwa jirani kandokando ya ziwa Moero, chumba chake ndicho gari lake. Jiko, nguo, betri ya sola, karatasi za shule za watoto, vyote viko ndani ya gari, usiku, bila mtu. Bima ya nyumba itasema vitu viko nje ya nyumba. Bima ya gari itasema inalinda gari na vifaa vilivyofungwa kwake, godoro si kifaa. Bima ya safari itakuonyesha neno "usiku".

Au chukua malazi. Huko Uingereza mikataba mingi haihesabu safari ya ndani kuwa safari mpaka uwe umelipia malazi ya usiku mmoja au miwili kabla ya kuondoka. Mwenye gari la kulala hajalipia popote. Ndiyo maana alilijenga. Gari likiharibika, mtu wa hoteli amepoteza usafiri tu. Huyu wetu amepoteza usafiri, kitanda na jiko kwa mpigo mmoja, na fundi akishalipandisha kwenye mawe kutoa ekseli, watoto wanalala wapi? Swali hilo, ambalo ndilo la kwanza kichwani mwa mama yeyote, ndilo mikataba inalolijibu kwa shida zaidi.

Mikataba ya Australia ina pengo jingine, na huku kwetu lingekuwa baya kuliko yote. Bima yao ya safari ya ndani hailipi matibabu. Sheria yao yenyewe inawazuia bimaji wa safari kuingia humo, kwa sababu mgonjwa ana bima ya afya ya taifa popote alipo nchini, kutoka Perth hadi Cairns. Wao wananunua ulinzi wa kufutwa kwa safari, wa mizigo, na wa ile sehemu ya gharama ambayo mwenye gari la kukodi anabaki kudaiwa baada ya ajali. Kwa hali yao ni sawa. Mtu wa Lubumbashi akiiga karatasi hiyo atakuwa amenunua vyote isipokuwa kile alichokuwa anakihitaji.

Halafu kuna barabara za udongo. Mikataba mingi ya magari ya kukodi ya kulala, huko na hata kusini mwa Afrika, inaondoa au inapunguza ulinzi ukitoka kwenye lami, ukivuka mto, ukipasua kioo au tairi. Wenzetu wa Namibia wanajua habari ya gari lililopinduka peke yake kwenye changarawe na jinsi bimaji anavyokuja na kipimo cha mwendo. Sasa hesabu safari ya Kalemie kwa kipimo hicho. Ukiondoa udongo, ukiondoa vivuko, ukiondoa tairi na vioo, utakuwa umelindwa mpaka pale lami inapoishia, kisha utaendelea kwa neema ya Mungu kwa siku zote zilizobaki.

Hitilafu za mitambo nazo hazimo. Bima, kwa asili yake, inalipa ajali, na springi iliyokatika kwa uzee si ajali. Lakini springi ndiyo inayokatika. Jamaa mmoja, fundi wa friji, alikatikiwa na ya nyuma mchana wa saa tisa, akiwa na mke, watoto na mkwe wake, mbele kidogo ya Kasomeno. Simu ilishika kwa kupanda kichuguu. Hakuna aliyempigia bimaji, angemwambia nini? Alimpigia shemeji yake mjini. Shemeji akampigia fundi, fundi akauliza ni Hiace ya mwaka gani, akaenda kutafuta springi kwenye maduka ya vipuri vya mitumba, akampa dereva wa lori lililokuwa linaenda kuchukua samaki. Wakati springi inasafiri, kijana wa kijiji alikata gogo la mti mgumu, wakalifunga kwa mpira wa tairi kati ya ekseli na chasisi, gari likajikokota hadi kwenye uwanja wa kanisa. Mama mwenye nyumba ya jirani alikataa pesa ya kulala, akakubali sukari. Pesa ya springi, ya dereva na ya kijana zilipita zote kwenye simu, kutoka kwa watu wanne tofauti.

Mtu atasema: unaona, hatuhitaji bima. Sikubali, ila nakubali nusu. Tazama kile mtandao wa shemeji ulichofanya. Haukumlipa fidia. Haukumwomba risiti tatu na ripoti ya polisi. Ulimletea springi, ukamtafutia mahali pa kulala, ukalipa papo hapo. Kile ambacho bima za safari za kwenye karatasi zinaahidi ni kinyume chake: lipa mwenyewe, kusanya nyaraka, rudi mjini, tutakurudishia sehemu. Katika nchi ambayo fundi wa kijijini haandiki ankara na mwenye lori hana mhuri, ahadi ya kurudishiwa ni ahadi ya kujadiliana.

Na kuna mahali ambapo kulipwa baadaye si usumbufu tu. Hospitali nyingi zetu zinaomba dhamana ya pesa kabla ya kumpasua mtu, na sote tunajua habari za wagonjwa waliopona wakazuiliwa wodini mpaka ukoo ulipe. Mtu aliyevunjika paja Kilwa, ile yetu ya ziwa Moero, hana haja na barua itakayomrudishia pesa baada ya miezi miwili. Anahitaji sauti kwenye simu inayomwambia daktari wa pale: mpokee, sisi tunalipa, na kisha gari, au ndege ndogo, ya kumleta Lubumbashi. Tukisema bima ya safari ya ndani, kwangu mimi ndiyo hiyo. Yaliyobaki, mizigo, kufutwa kwa safari, kamera iliyoanguka majini, ni mapambo.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wetu wanaweza kulijenga bila kungoja sheria mpya. Kampuni za migodi tayari zina mikataba ya kuwaokoa wafanyakazi wao na kuwaleta kwenye kliniki za mjini. Njia ipo, mafundi wapo, pesa za simu zipo hata pale benki haijafika. Mkataba wa siku 30 unaoorodhesha vituo vya afya vitakavyokubali simu ya bimaji kuwa dhamana, Kasenga, Kilwa, Pweto, Moba, pamoja na madereva wa malori waliokubali kuvuta gari kwa bei iliyoandikwa, ungeuzwa. Ungenunuliwa na wafanyabiashara wa samaki kabla hata ya sisi wenye magodoro kwenye Hiace. Lakini kujenga orodha hiyo kunamtaka mtu wa bima atoke katikati ya mji, akae kwenye benchi la zahanati ya Kilwa, azungumze na mtunza hazina. Kuuza karatasi ya Schengen ni rahisi zaidi.

Niongeze la Zambia, maana linawanasa wengi. Baadhi ya madereva wa Pweto, hasa mvua ikishaanza Novemba, hawapandi upande wetu kabisa. Wanavuka Zambia, wanafuata lami ya Mansa na Nchelenge, kisha wanarudi Congo karibu na Pweto. Kichwani mwao ni safari ya ndani: wametoka Lubumbashi, wanafika Pweto. Kwa bimaji wametoka nchini asubuhi na kurudi jioni, na cheti cha Congo kimelala usingizi katikati. Wazambia nao wana safari kama hiyo ya kinyume: wa jimbo la Copperbelt wanaokwenda Mansa hukata pembe ya nchi yetu kutoka Mokambo hadi Chembe, kilomita kama 70, kisha wanavuka Luapula kwenye daraja lililofunguliwa 2008. Dawa ya pande zote mbili ni kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, iliyopo tangu 1987, ambayo inaufuatisha ulinzi wa dhima na sheria ya nchi unayopita na kulipa matibabu ya dereva na abiria. Tanzania, ingawa si mwanachama wa COMESA, inaikubali. Usiiombe ikufanyie kazi isiyo yake: hailipi gari lako mwenyewe, wala mizigo. Na wenye usukani wa kulia, kumbukeni kwamba ni huku kwetu, tunakoendesha upande wa kulia, nyuma ya lori, ndipo hamwoni kinachokuja.

Kuhusu likelemba, michango yetu ya kikundi. Nimesikia vikundi vya madereva wanaochanga kila mwezi ili anayekwama asaidiwe, na naona ni jambo zuri kuliko bima nyingi za mizigo. Wanafahamiana, wanajua gari la nani limechoka, na pesa inafika siku hiyo hiyo. Lakini likelemba ina kina chake. Springi, ndiyo. Usiku tatu za kulala, ndiyo. Mguu uliokatwa wa mwendesha pikipiki wa Kasenga, na familia yake inayodai maisha yote ya kijana wao, hapana. Kikundi cha watu ishirini kitavunjika kwa dai moja la namna hiyo, na urafiki pia. Ndiyo maana bima ya dhima ya kweli, kutoka kampuni yenye kibali cha ARCA, haina mbadala, hata kwa mtu mwenye mashemeji wengi.

Kuna kosa moja ambalo wenye magari ya kulala wanalifanya karibu wote, nalo halihusiani na barabara. Hiace iliandikishwa kama gari la abiria au la mizigo. Fundi akishatoa viti na kuweka gesi na kitanda, si gari lile tena, lakini cheti cha bima bado kinalieleza lile la zamani. Katika mapokeo ya sheria za bima za Kifaransa, ambayo yametulea, anayetoa maelezo yasiyo kamili bila hila hupunguziwa malipo kwa uwiano wa ada aliyoilipa na ile aliyopaswa kuilipa, na anayeficha kwa makusudi anaweza kukuta mkataba hauna nguvu kabisa. Kwa hiyo nenda na picha za ndani ya gari, mwambie bimaji kuna chupa ya gesi, na mwombe aandike hivyo kwenye mkataba wenyewe. Akikataa kuandika, umejua mapema. Akikuongezea ada, lipa. Ada hiyo ni ndogo kuliko hoja ya mwanasheria wake siku gari litakapowaka moto.

Mwenye kuondoka kiangazi hiki, kabla vumbi la Septemba halijageuka tope, ningemshauri aanze na dhima halali na kadi ya njano kama kuna hata dalili ya kupita Zambia. Kisha atafute mkataba wa afya wenye namba ya simu inayopokelewa usiku, na aipigie hiyo namba saa nne za usiku kabla ya kulipa, aulize kwa Kiswahili: mtoto amevunjika mkono Pweto, mnampigia nani? Wakimtajia jina la kituo, anunue. Wakimwambia alete risiti akirudi, pesa hiyo aiweke kwenye simu ya mke wake, anunue springi ya akiba, na amwachie shemeji ratiba ya vijiji atakavyolala.